Mpagazi bila ngata

Nyuki walikuwa wa pamba. Mtu alikuwa ameviringa vipande vidogo vya pamba, akavitia gundi, akavinyunyizia chembechembe nyeusi na za manjano, kisha akavitundika kwa waya mwembamba juu ya miti ya plastiki. Ukipita karibu na meza, upepo wa nguo yako tu ulitosha kuwatikisa. Chini yao kulikuwa na minazi, reli, ufuo, nyumba za kuta nyeupe, na pembezoni mwa meza kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono: Tanga, 4 Novemba 1914.

Nilisimama pale koti likiwa bado mkononi. Nimezaliwa Hospitali ya Bombo, nimekulia Ngamiani, na mji wangu nimekuja kuukuta umetandikwa juu ya meza ndani ya ghala la Nottingham, Uingereza, umezungukwa na wanaume walioshika dadu na futi za kupimia.

"Somo," nikamwita mwenzangu, "hapa ni kwetu."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nikakuleta."

Somo na mimi tumechangia jina, na tangu tulipojuana Leicester miaka 9 iliyopita hatujaitana kwa lingine. Yeye ni mtu wa Mombasa, Kibokoni, muuguzi wa zamu za usiku. Wenzake wakitoka zamu huenda moja kwa moja kitandani. Yeye huketi kwanza jikoni saa nzima na brashi nyembamba kama unywele, akipaka rangi visanamu vya watu wenye urefu wa milimita 28, yaani wakisimama wamepita kidogo tu pingili ya kwanza ya kidole chako cha shahada. Niliwahi kumuuliza kinachomvuta. Akanijibu bila kuinua kichwa: "Wodini mna mambo siwezi kuyarudisha nyuma. Hapa nikikosea kofia naifuta, naanza upya." Sikumuuliza tena. Nikawa naenda kwake na kazi yangu ya kushona, tunakaa meza moja, yeye na brashi yake, mimi na sindano yangu.

Mara moja kwa mwaka kampuni anayonunua visanamu vyake hufungua karakana na kukaribisha wateja: unaona vinavyotengenezwa, unacheza kwenye meza zao, unaongea na wachongaji, unanunua kwa bei nafuu. Ni kampuni ndogo, ukumbi wake ni ghala la matofali nyuma ya gereji. Miaka yote alikuwa akienda peke yake. Safari hii alinibana. "Utakuja tu," alisema, na hakunieleza sababu.

Kwenye treni alinipa historia. Kampuni kubwa kuliko zote za mchezo huu wa kupiganisha visanamu mezani, Games Workshop, ilianza London mwaka 1975. Miaka michache baadaye ikaanzisha karakana ya kusubu visanamu, Citadel Miniatures, katika mji wa Newark, si mbali na Nottingham. Mchezo wao wa Warhammer ulitoka mwaka 1983, ukashika, na mwaka 1997 makao makuu yakawekwa Lenton, ndani ya Nottingham yenyewe. Desemba 2024 kampuni hiyo iliingia kwenye orodha ya kampuni 100 kubwa za soko la hisa la London. Kwa visanamu! Njiani humo, wachongaji na waandishi wa kanuni walikuwa wakitoka mmoja mmoja na kufungua karakana zao jirani: mapacha Alan na Michael Perry, Warlord Games mwaka 2007, Mantic, na nyingine ndogondogo ambazo zinajulikana na wapenzi peke yao. Sehemu hiyo yote wapenzi wameipa jina, ambalo kwa Kiswahili ningesema Ukanda wa Risasi, kwa kuwa madini ya visanamu vya zamani yalikuwa na risasi ndani yake. Siku hizi wengi wanatumia mchanganyiko wa bati, maana risasi ni sumu. Nilimwambia somo kwamba kwetu jina lenyewe linatosha kuhadithia: madini ya kumtengenezea askari wa kuchezea na kile kinachomuua askari wa kweli tunaviita neno moja. Akatabasamu, akasema nitunze maneno hayo, nitayahitaji mchana.

Karakana kwanza. Hapo ningeweza kukaa siku nzima.

Kalibu ni sahani mbili za mpira mzito, zinazofunikana kama chapati mbili. Ukizifungua unaona vishimo vyenye umbo la mtu vimepangwa kwa duara pembezoni, na vijifereji vikitoka katikati kwenda kwa kila kishimo, kama spoku za gurudumu la baiskeli. Fundi alizipaka poda kwa brashi ya mchoraji, akazifunga, akaziweka kwenye mashine iliyo kama sufuria yenye kifuniko, akaizungusha. Kalibu ikiwa inazunguka, akateka madini kwenye chungu kwa upawa na kuyamimina katikati. Mzunguko ndio unaoyasukuma hadi vidoleni, hadi kwenye ncha ya pua. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232, kwa hiyo halihitaji tanuru la kutisha. Chungu chake kilikuwa kama jungu la shughuli ya arusi ndogo. Alisubiri kidogo, akaizima mashine, akafungua, na watu wakatoka wameshikana kwa vijiti vya madini, wanang'aa, wa moto bado. Akawakata mmoja mmoja kwa koleo. Aliowakuta hawana pua, au bunduki haikujaa, aliwatupa tena chunguni.

"Anarudi kuzaliwa," somo alininong'oneza.

Mtoto mmoja wa miaka kama 8, aliyekuja na babu yake, alipewa kisanamu cha kwanza kilichotoka. Alikibadilisha mkono huku na huku kwa sababu ya moto wake, hakukubali kukiachia. Nimeona watoto wakila kashata ya moto namna hiyo.

Kisha ndipo meza ya Tanga.

Mwenyeji wa meza alikuwa mzee mmoja mstaafu, mtu mpole, aliyeijenga kwa majira mawili ya baridi. Somo alipomwambia kwamba mimi ni wa mji huo, alivua miwani na kunyamaza kwanza. Halafu akaniomba nimwambie palipokosewa. Alitaka kujua kwa dhati, alitoa kijidaftari. Nikaanza kuonyesha. Ras Kazone iko mahali pake. Bandari, sawa. Minazi ni mingi mno na imenyooka mno. Mnazi wa pwani hauna haja ya kusimama wima, unaelekea upepo unapotaka. Na mkonge hakuuweka hata mche mmoja, wakati mkonge uliletwa na Mjerumani mwaka 1893 na mwaka 1914 mashamba yake yalikuwa yameshaenea. Aliandika yote.

"Na nyumbani kwenu ni wapi?" akauliza.

Nikafuata mji kwa kidole. Mji wa Wajerumani ulikuwa juu ya meza na nyumba zake. Reli ilipita. Ng'ambo ya reli, ilipo Ngamiani ya leo, mbao za meza zilikuwa zimekwisha. Kidole changu kilifika hewani.

"Hapa," nikamwambia. "Kwetu kungekuwa hapa, kwenye tumbo lako."

Alicheka kidogo, kisha akajitazama aliposimama, akarudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyekanyaga mkeka wa wenyewe.

Nieleze yaliyotokea siku zile, maana hata Tanga kwenyewe wengi tunazijua nusunusu. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza, Fox, iliingia na kutaka mji usalimu amri. Nyuma yake zilikuwa meli zilizobeba watu wapatao 8,000, wengi wao wanajeshi wa Kihindi waliokuwa wamesafirishwa baharini zaidi ya wiki mbili, chini ya Jenerali Aitken. Nahodha wa Fox aliuliza kama bandari imetegwa mabomu, muda ukapita, na muda huo ndio aliokuwa akiuhitaji Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kuwaleta askari wake kwa reli ya Usambara kutoka upande wa Moshi. Alipata kama watu 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Tarehe 4 Waingereza walisonga kupita mashambani kuelekea mjini, risasi zikaanza, na nyuki wakatoka. Waliuma vikosi vya Kihindi mpaka vikatawanyika, lakini waliuma pia upande wa pili, bombomu za Wajerumani, yaani bunduki zao za rashasha, zikanyamaza kwa muda. Kesho yake Waingereza walirudi melini. Waliacha ufuoni bombomu 16, bunduki kwa mamia na risasi zipatazo laki 6.

Kuna masimulizi yanayosema nyuki wale walikuwa kwenye mizinga ya magogo iliyotundikwa mitini. Nikamweleza yule mzee kwamba kwa Kiswahili mzinga ni gogo la nyuki na mzinga ni silaha ya kutupa makombora, kwa hiyo Tanga siku ile ilikuwa na mizinga baharini na mizinga mitini, na iliyoamua siku ni ya mitini. Hili lilimfurahisha kupita yote. Aliniomba nimwandikie neno lenyewe kwenye kijidaftari. Nikaandika, na nilipokuwa naandika likanijia jambo ambalo sikuwahi kulifikiri miaka yote nikiisikia hadithi ya nyuki: mzinga haujitundiki. Kuna mtu wa kwetu aliyechonga gogo lile, akapanda mti na kamba kiunoni, akategemea asali msimu ukifika. Kila anayesimulia anawataja nyuki. Mwenye mizinga hatajwi.

Tulicheza. Nilipewa askari wa Wajerumani, somo akapewa wanaoteremka kutoka melini. Kila kikosi kikifyatua bunduki karibu na mti wenye nyuki, unarusha dadu. Ikitua 1 au 2, pamba inashuka na kikosi kinarudi nyuma. Mimi nimekua nikiangalia bao la kete barazani kwa babu, mchezo ambao hauna bahati ndani yake: kete zote ziko wazi, aliyefungwa amefungwa na akili ya mwenzake. Dadu ilinikera mwanzoni. Somo akaniambia subiri. Na kweli, mara ya tatu nyuki walipotoka, nikaona watu wake 20 waliokuwa wamebakisha hatua mbili kuingia mjini wakirudi ufuoni kwa sababu ya namba moja, nikafahamu kwamba dadu imewekwa pale kwa yale ambayo hakuna jenerali aliyeyapanga.

Najua wapo watakaosoma hapa na kuuliza inakuwaje watu wazima wanachezea vita vilivyoua wazee wetu. Nami nilijiuliza, tena pale pale, nikiwa nimeshika askari mdogo mwenye tarbushi ya khaki. Jibu nililonalo ni kwamba wazee wetu wenyewe walivichezea. Ngoma ya beni ilikuwa nini? Vikundi vya kina Marini na Arinoti wakipiga gwaride mitaani kwa tarumbeta na magwanda, wana vyeo vyao vya ujenerali na ukapteni, wanashindana nani kapendeza na nani kajipanga. Vita Kuu vilipokwisha, askari na wapagazi waliorudi makwao waliisambaza hadi bara. Watu waliokuwa wamepitia mambo yale kwa miili yao walichagua kuyacheza. Sidhani walikuwa wakiidharau mauti. Ninachokiuliza mimi kwenye meza yoyote ya namna hii ni nani amepewa umbo na nani ameachwa nje, na nilianza kukiuliza kwa sauti.

"Wapagazi wako wapi?" nikamwambia mzee.

Akasema kwa uaminifu kwamba kwa siku zile tatu hakuwaona kuwa muhimu: Wajerumani walikuja kwa reli, Waingereza kwa meli. Ana hoja. Lakini vita havikuishia Tanga. Vilikwenda miaka minne, hadi Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, Novemba 1918, na vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Ndorobo waliua farasi, nyumbu na maksai, barabara hazikuwapo, kila askari mmoja mstari wa mbele alikuwa na wapagazi kadhaa nyuma yake wakimbebea chakula, risasi na mahema. Kwa upande wa Waingereza peke yao walihesabiwa karibu milioni moja waliochukuliwa kubeba, na waliokufa wanakadiriwa kupita 90,000, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina kutokana na kikosi chao. Nimenunua vitambaa Kariakoo nusu ya maisha yangu nikikanyaga jina lao.

Na mmoja wao ni wa kwetu. Babu yake mama alichukuliwa Muheza mwaka 1917, baada ya Waingereza kuuteka mkoa. Hakuwa na cheo, hakupewa bunduki. Alirudi. Mama alimwahi utotoni: mzee aliyeshindwa kugeuza shingo, ambaye ukimwita kutoka ubavuni aligeuka mwili mzima.

Mzee wa meza alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kwenye makabati ya nyuma, yale yenye droo ndogondogo kama za fundi saa, akavuta moja na kuileta nzima. Ndani mlikuwa na wapagazi. Kampuni inawatengeneza, kwa michezo ya safari ndefu za 1916 hadi 1918, ila kwenye kanuni wanahesabiwa kama mzigo: wanasogezwa kwa mafungu, adui akiwateka anapata pointi. Nikamchukua mmoja. Kifua wazi, nguo kiunoni imefungwa fundo, miguu mitupu, fimbo mkono wa kushoto, kasha kichwani limeshikwa kwa mkono wa kulia. Uso ulikuwa mzuri, nasema kweli. Mchongaji alikuwa amempa uchovu bila kumpa unyonge, midomo imebana, macho yanatazama chini hatua mbili mbele, pale hasa anapotazama mtu aliyejitwisha.

Lakini kuna kitu kilinikataa. Nikamgeuza, nikamweka usawa wa macho. Kasha limekaa juu ya fuvu, mbao juu ya mfupa.

"Hana ngata," nikasema.

Somo akaangalia. "Haki ya Mungu, hana."

Mchongaji alikuwa meza ya pili akiwaonyesha watu kazi, mama wa makamo mwenye miwani ya kukuza iliyofungwa kwenye paji la uso. Somo alimpelekea mpagazi, akamweleza. Hakuelewa ngata ni nini. Alisema alichonga kwa kutazama picha za zamani, na kwenye picha unaona kichwa, unaona kivuli, unaona mzigo. Ndivyo ilivyo: ngata ikikaa vizuri haionekani. Aliyewahi kuchota maji ndiye anayejua ipo.

Basi nikavua mtandio. Nikausokota mpaka ukawa kamba, nikauzungusha mara mbili, nikapitisha ncha ndani na kuubana, kama bibi alivyonifundisha nikiwa na miaka 6 na ndoo ndogo ya rangi. Nikaiweka kichwani, nikachukua boksi zito la visanamu kutoka kwenye rafu, nikajitwisha, nikaachia mikono. Nikatembea hadi mlangoni na kurudi. Ghala lilinyamaza. Nikawaambia kwamba si lazima iwe nguo. Wengine husokota majani makavu ya mgomba, wengine nyasi. Kazi yake ni kuupa mzigo kitako na kuipa shingo nafasi ya kupumua. Misafara ya zamani ilikuwa ikimtwisha mtu ratili 60 hivi, kama kilo 27. Bila ngata, kwa miezi, shingo inakuwa kama ya babu yake mama.

Mchongaji akashusha miwani yake machoni. Alikata kipande cha gundi ya kufinyanga, ile inayokuja na mistari miwili, bluu na manjano, akaifinyanga kwa vidole hadi ikawa kijani kimoja. Akachukua kisumeno chembamba kama uzi, akalitenganisha kasha na kichwa, akaukata na mkono wenyewe kifundoni ili baadaye uufikie mzigo ukiwa juu kidogo. Akatoboa tundu utosini, akapitisha kipande cha waya. Kisha akaviringa vijiuzi viwili vya gundi kwenye kioo, akavisokota pamoja kwa ncha ya sindano aliyoilowesha kila mara kwa maji isigandie, akazungusha, akauvisha waya. Pete yote haikuzidi punje ya mtama. Akaniuliza kama msokoto unaelekea kulia au kushoto. Sikuwa nimewahi kuulizwa swali hilo maishani. Nikatazama mtandio wangu, nikamwambia kulia, kwa mtu anayetumia mkono wa kulia. Akasokota upya.

Somo alikuwa akinong'ona habari za Michael Perry, aliyepoteza mkono wa kulia mwaka 1996 kwa ajali ya mzinga katika maigizo ya vita vya kale huko Ufaransa, akajifunza kuchonga upya kwa mkono wa kushoto, na bado ni miongoni mwa wachongaji wanaoheshimiwa kuliko wote. Nilikuwa namsikia kwa mbali. Macho yangu yalikuwa kwenye sindano ile ikichora mikunjo ya kitambaa kwenye pete ambayo kesho isingeonekana kabisa, kwa sababu kasha lingekaa juu yake. Alijua haitaonekana. Aliichora mikunjo yote.

Akatuambia tusimguse hadi asubuhi, gundi ikauke. Akamweka kwenye kiboksi chenye sponji, hakutaka pesa. Alisema kalibu ya wapagazi itakapochakaa na kufika wakati wa kutengeneza nyingine, ataanza na huyu. Kama atafanya, atafanya. Mimi namshukuru kwa aliyoyafanya mbele yangu. Yule mzee wa meza naye alikuja kuaga. Alisema anataka kuongeza ubao mmoja upande wa reli, na akaniomba nimtumie picha za Ngamiani. Nimeshamtumia, pamoja na ramani niliyoichora kwa mkono.

Kwenye treni ya kurudi tulikula mahamri yaliyobaki. Somo akakumbusha ile sanamu ya Nairobi, yenye watu watatu wa shaba, mmoja wao akiwa mpagazi, na maandishi yanayowaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ina askari mmoja peke yake na singe yake imeelekea bandarini. Nimeipita mara zisizo na idadi nikiwa kwenye daladala. Nilimshika mpagazi wangu mapajani safari nzima.

Jumapili tulianza kupaka. Somo ana msimamo mkali kuhusu ngozi: ngozi nyeusi haianzi na rangi nyeusi. Wengi huanza hivyo, ndiyo maana watu wao wanakuwa kama mkaa, hawana damu. Yeye huanza na hudhurungi nzito yenye wekundu ndani, anaiacha ikauke, kisha anapandisha polepole kwa rangi ya mdalasini kwenye paji, kwenye mashavu, kwenye mabega, na chini ya taya na kwapani anatia tone la bluu. "Mimi naangalia ngozi usiku kucha," alisema. "Mtu mzima wa afya, ngozi yake ina rangi nne." Mpagazi akaanza kupumua chini ya brashi yake. Mimi nilipewa fimbo na kasha, kazi za kujifunzia. Kisha tukafika kwenye nguo ya kiunoni, tukakwama. Somo alikuwa na picha zenye merikani nyeupe. Nikampigia mama, Tanga, kwa video, nikamwonyesha kisanamu karibu na kamera.

Mama alikitazama muda mrefu. Nilidhani simu imekata.

"Huyo kasha kalishikilia kwa nini?" aliuliza. "Ngata anayo?"

"Anayo, mama. Iko chini."

"Haya." Akanyamaza tena. "Babu alikuwa akivaa kaniki."

Somo akafungua kichupa cheusi. Mama akakiona kwenye kioo cha simu. "Si nyeusi hivyo, mwanangu. Ilikuwa imechujuka. Mzee alikuwa nayo moja, akiifua kila Alhamisi."

Somo akachanganya nyeusi na bluu na kijivu kidogo, akaijaribu kwenye ukucha wake wa dole gumba, akauinua mbele ya kamera.

"Hivi?"

"Ongeza maji," mama akasema.

Somo akachovya brashi kwenye kikombe, akaongeza, akauinua tena.